Chuo kina ithibati, kozi haina

Matilda, nilikuwa naweka namba kwenye ramani ya viwanja vya Malambo, nimefika cha 64, Erasmus wa utumishi akaingia na barua. Ile ya bodi, ya kujibu ombi langu la kusajiliwa niwe mtaalamu wa mipango miji.

Wamekataa.

Akasema, "Ngosha, chuo chako kina ithibati. Kozi haina." Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anamsomesha mtoto. Chuo kina, kozi haina.

Miaka minne, Matilda. Na unajua sikukurupuka. Kabla ya kujiunga nilichapisha orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, nikapigia mstari jina la chuo. Kozi sikuuliza. Nani anauliza kozi?

Mkuu wetu wa idara, aliyekuwa anasikiliza, akacheka. "Si unajisifu kuwa kuchora ramani kwa kompyuta ulijifunza mwenyewe? Basi jipe na ithibati mwenyewe."

Labda chuo walijua wakanyamaza. Labda nao hawakujua. Sina hakika.

Kinachoniuma ni hii ramani. Ilikuwa iwe ya kwanza kubeba saini yangu, sasa atasaini mkuu wa idara. Zimebaki namba thelathini na moja. Nimefunga kompyuta. Nitazimalizia kesho, maana watu wa Malambo wanangoja viwanja vyao.