Wageni wa Saruji

S.L.P. 27,
Mutomo,
Kitui.
4 Septemba 1988

Mpendwa Mjomba Muthama,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Mombasa, pamoja na Mama Kiilu na watoto. Je, kifua cha Kiilu kimepona? Mama anasema kama bado anakohoa usiku, asilale karibu na dirisha, hata kama joto la huko ni kali namna gani.

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama bado linamsumbua lakini anafika shambani. Mbaazi zilikuwa kidogo mwaka huu, kunde zikatuokoa. Susu anaendelea vizuri kwa nyanya wa umri wake, ila mikono yake imechubuka. Sababu ya kuchubuka kwake ndiyo iliyonifanya nikuandikie leo, kabla sijarudi shuleni kesho.

Kwanza nikushukuru kwa nafasi uliyonipatia katika gari la kampuni yenu. Uliniambia nitaona kwetu kama anavyopaona mtalii, na ni kweli nilipaona. Asubuhi ile niliamka mapema nikapiga pasi sare ya shule, maana sina nguo nyingine ya kukaa na wageni.

Safari ilianza vizuri na sitaki kusema uongo. Kulikuwa na wageni wanne kutoka Ujerumani, wote wazee, na mmoja alikuwa na mkongojo. Musembi, dereva wenu ambaye pia ndiye kiongozi wa safari, aliendesha taratibu hata chai haikumwagika vikombeni. Tuliacha barabara ya Mutomo, tukateremka kwenye mto mkavu, tukafuata mchanga mpaka miamba ikatuzunguka pande zote. Alituonyesha mijusi wenye vichwa vya rangi ya chungwa, na pimbi waliojipanga juani kama watu wanaongoja zahanati ifunguliwe. Alituonyesha waridi la jangwani lililoota ndani ya ufa wa jiwe, halina hata jani moja, maua matupu. Jua lilipopanda, mawe yalibadilika kutoka rangi ya majivu yakawa na rangi ya chungu kipya. Mjomba, nimechunga mbuzi mahali hapo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kukaa nikayatazama yale mawe. Mbuzi hawakupi nafasi. Kwa saa ile moja nilijiona mtu mwenye bahati.

Jambo moja tu lilinishangaza. Musembi aliwaambia wageni kwamba hapa ni jangwa. Nimesoma Jiografia mpaka Kidato cha Tatu na hakuna mwalimu aliyewahi kutuweka jangwani. Tena wakati anasema hivyo tulikuwa tukipita kando ya shamba la Kaluki, na mabua ya mtama yalikuwa bado yamesimama. Niligeuka nikayatazama mabua hayo. Unanijua.

Halafu tukafika Ivia Inene.

Mjomba, ule mwamba unaujua kuliko mimi. Wewe ndiwe uliyeufagia ukiwa mtoto ili mvua ikinyesha iteremke safi mpaka kwenye bwawa. Ufa wa ukuta wa bwawa pia unaujua, kwa sababu Krismasi uliingiza mkono ndani yake ukafika kiwikoni, kisha ukasema mbele ya watu wote mezani, "Saruji niachieni mimi." Susu hakulisahau neno hilo. Yeye ndiye mwenyekiti wa mwethya wa kina mama, na aliporudi kwenye kazi ya kikundi aliwaambia wenzake waache kuhangaika. Vyondo walivyokuwa wamesuka ili viuzwe saruji inunuliwe, kila mmoja akachukua vyake akaviuza kwa shida zake mwenyewe.

Kwa hiyo Musembi alipokuja na ujumbe wako, kwamba Jumatano kina mama wakutane kwenye mwamba na mifagio yao kwa sababu wageni wanakuja kuuona, ulitaka Susu aelewe nini? Wazungu waliowahi kukanyaga Ivia Inene ni wale wa misheni tu, walioleta saruji ya ukuta wa kwanza. Walikuja wakatazama watu wakifanya kazi, wakapiga picha, na baadaye lori likaja. Hapa kwetu mzungu anayetazama mwamba ni mfadhili. Hatujui mwingine.

Tuliwakuta kina mama wamefunga vitambaa vya mwethya kichwani, wanaimba. Walikuwa wameufagia mwamba mzima, mwezi wa Agosti, na hakuna hata wingu. Kaluki alipomwona Musembi akishuka na ile kaptula yenu alipaza sauti, "Wee wa Kilungu! Shule ilikufukuza ukaondoka na kaptula yao?"

Musembi akacheka. "Mama, hii ni yunifomu ya kazi."

"Basi mwambie tajiri wako akuongezee kitambaa. Kuna wajane hapa!"

Kina mama walicheka mpaka wengine wakashikilia mifagio wasianguke. Nami nilicheka. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kucheka siku ile.

Musembi alirudi garini akaupanda mwamba na gari, polepole, ili yule mzee wa mkongojo asichoke. Magurudumu yale yalikuwa yametoka mtoni, yana mavi ya ng'ombe na mchanga. Unajua kwamba mwamba ukishafagiwa hakuna anayeupanda na viatu. Hata mchungaji wetu huvua. Kina mama walimgeukia Susu. Susu akasema, "Waacheni. Mtu anayekuletea saruji humwambii avue viatu."

Kisha akafanya anachofanya siku zote kazi ikianza. Aliweka mfagio chini, akafumba macho, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa wageni, akawaombea safari njema, akaomba ukuta usimame kabla ya mvua ya Novemba, kwa jina la Yesu. Nilikuwa nimesimama katikati ya Susu na wageni. Sikio moja lilisikia Kikamba cha Susu, na la pili likasikia Kiingereza cha Musembi. Alikuwa akiwaambia kwamba huyu mama mzee ndiye kuhani wa mvua, kwamba anazungumza na roho inayokaa ndani ya mwamba, na kwamba wanawake wamefagia ili roho ikubali kutoka.

Mama mmoja katika wale wageni, mwenye kofia nyeupe, akamkatiza. "Lakini nimesikia akisema Yesu."

"Siku hizi wanachanganya," Musembi akajibu.

Yule mama hakuridhika. Alinigeukia mimi, akaniuliza nyanya yangu anaomba nini hasa. Unajua jinsi ninavyoogopa kuzungumza mbele ya watu, na Kiingereza changu ni cha vitabuni. Lakini nilimjibu. Nilisema, "Anamwomba Mungu saruji."

Walicheka wote, Mjomba. Hawakuwa na ubaya, walidhani nimefanya mzaha mzuri. Mmoja alinipigapiga begani. Kamera zikalia, na Susu akafumbua macho akaona wageni wanafurahi, akafurahi pia.

Walipokwenda kutazama bwawa tupu, nilimfuata Musembi nyuma ya gari. Nilimuuliza kwa nini amesema vile na yeye ni Mkamba, amesikia kila neno.

"Kasichana, wageni hawatoki Ulaya kuja kuona kina mama wakingoja saruji."

"Na maneno hayo ya kuhani ni ya nani?"

"Muulize mjomba wako. Mimi mtu wa Kilungu, si wa hapa, ningejuaje kwamba mwamba huu upo?"

Nilitaka aniambie jina jingine.

Walipoondoka, mama wa kofia nyeupe alimshika Susu mikono yote miwili, akampa kipande cha sabuni ya hotelini, kidogo kama biskuti. Susu alikipokea kwa heshima akidhani ni zawadi ya kutangulia. Gari liliposhuka, Kaluki alisimama juu ya mwamba akakinga jua kwa mkono, akauliza, "Na lori? Liko nyuma?" Susu akamwambia wafadhili huja kwanza kutazama. Walingoja. Wiki iliyofuata waliendelea kungoja, na kila gari lililosikika barabarani mtoto alitumwa kuangalia.

Nilikuwa nimeshindwa kukaa na siri ya yale niliyoyasikia. Siku moja alasiri tukichambua kunde Susu alianza mwenyewe. Aliniuliza, "Yule kijana alikuwa akisema nini wakati nimefumba macho?" Nilimweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Aliendelea kutupa kunde mbovu upande mmoja na nzuri upande wa pili. Nilidhani atalia au atanifokea kwamba nasema uongo. Alisema tu, "Muthama anajua mimi humwomba nani." Halafu akaniuliza kama wale wageni wataonyesha picha hizo kwao. Nikasema ndiyo. Akasema ingekuwa vizuri kama angeambiwa mapema, angevaa rinda la Jumapili.

Ijumaa kikundi kilikutana. Nilienda naye kwa sababu niliogopa watamfanyia nini. Susu alisimama akawaambia kwamba wale wageni walikuwa watu wa matembezi tu, hakuna saruji inayokuja, na kosa ni lake.

Kaluki akasema, "Mwenyekiti, si ulituambia mwanao ameahidi?"

"Mwanangu alisema wageni. Saruji niliisema mimi."

Mjomba, nilikuwa pale Krismasi. Nilikuwa nimekaa karibu na wewe, nimeshika bakuli la mchuzi. Susu hajawahi kudanganya hata kuhusu umri wake, na sasa amedanganya mbele ya kikundi chake chote, wengi wao ni washirika wenzake kanisani, ili jina lako libaki safi. Nilifungua mdomo. Alinitazama, nikaufunga.

Mwethya hauna mzaha na mtu aliyepoteza wakati wa wenzake, awe mwenyekiti au nani. Walimtoza faini. Kwa kuwa vyondo vimeshauzwa na saruji haipo, wameamua kuziba ufa kwa mawe na udongo wa kichuguu na kumwomba Mungu ukuta uzuie maji ya mvua ya kwanza. Faini ya Susu ni mstari wa chini wa mawe, ule wenye mawe makubwa, peke yake. Kaluki alijaribu kusema wamwachie kwa sababu ya uzee. Susu ndiye aliyekataa.

Basi kila asubuhi anatoka na kipande cha gunia kichwani, anateremka mtoni, anarudi na jiwe. Nimekuwa nikibeba naye, lakini mawe yangu anayaweka kando kwenye mstari wa pili. Anasema faini haigawanywi. Kesho nitakuwa shuleni na hatakuwa na mtu wa kumtwika. Jioni ananawa mikono kwa ile sabuni ya hotelini. Anasema inapunguza kuwaka.

Mama aliniambia nisikuandikie haya, eti mtoto hamfokei mjomba wake. Sikufokei. Nimeiandika barua hii mara tatu ili kuondoa maneno ya kufoka, na haya ndiyo yaliyobaki. Lakini kuna jambo moja silielewi, na vitabu vyangu havinisaidii. Kama ulihitaji mtu wa kuzungumza na mizimu ili wageni wafurahi, ungeweza kumbuni. Kwa nini ulimtoa mama yako?

Ukituma saruji tutaipokea, kwa sababu ukuta hauna kiburi. Ila naomba usiitume na Musembi, na usiitume peke yake. Njoo nayo kabla ya Novemba. Wageni wako waliupanda Ivia Inene kwa gari. Wewe shukia mtoni, uvue viatu, uchukue jiwe begani, upande mbele ya kina mama wote, uliweke kwenye mstari wa chini. Mimi nikisaidia faini inabaki yake. Wewe ndiye mtu pekee ambaye Susu hawezi kumwambia kwamba jiwe hilo si lake.

Nilipomwambia Susu nakuandikia, hakuniuliza nimeandika nini. Alisema nikuambie kwamba hajambo, na kwamba mwaka huu mwamba umefagiwa mapema.

Nisalimie Mama Kiilu sana, na Kiilu, na yule mdogo ambaye bado sijamwona. Mama anakusalimu. Kaluki pia, ingawa salamu zake nimezipunguza makali. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, akuguse moyo wakati ungali na mahali pa kurudi.

Ni mimi mpwa wako, ambaye bado anakupenda,

Mutindi