Posa ya Hafsa Amepewa Mhina

Sindeni, Handeni,
14 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Athuman,

Assalaam alaykum. Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua huko Tunduru ulivyo mzito wa kuandika. Hujambo? Shemeji Mashavu hajambo, na lile goti lake? Sisi wazima. Mahindi yamekauka vizuri, na yangu yamepita ya watu wote hapa, usiulize.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu nimeizima. Sababu utaiona huko chini, nawe usianze kucheka mapema.

Unamjua Mhina wa Korogwe, tuliyetahiriwa naye siku moja, akalia yeye, mimi nikanyamaza. Mimi ni mshenga mwaka wa thelathini na nane huu. Ndoa arobaini na mbili zimesimama kwa mdomo huu, iliyovunjika moja tu, na yule bwana alikuwa mlevi. Mhina je? Ndoa tisa! Leo yeye na binti yake Yusra wamefungua huduma ya posa mtandaoni, na watu kutoka Mombo mpaka Bungu wanamwita mtaalamu. Mtaalamu! Roho iliniuma, sikufichi. Hata chai haikupita.

Nikaenda kumtazama. Kumbe kabla ya kumweka msichana, Yusra anamwuliza mwenyewe, anamweleza kitakachosomwa na watakaokisoma, kisha msichana anatia sahihi. Akibadili nia, wanamfuta siku hiyo hiyo. Nikamcheka Mhina: "We mzee, tangu lini mshenga akamwomba ruhusa mwali? Ruhusa si ya wajomba?" Akanijibu, "Mwenzangu, mwali ndiye mwenye sura." Nikaondoka bila kumuaga.

Basi nami nikaanzisha changu, kikundi cha wasapu. Nikatia picha za wasichana zilizopigwa harusini, nikatia na sauti yangu nikieleza kila nyumba, kama ninavyomnong'oneza baba wa kijana. Watu mia mbili wakaingia kwa wiki moja! Nikaona ni baraza la wakwe tu.

Athuman, na binti yako Hafsa nilimweka. Usikunje uso. Nilimsifu: mwalimu wa Bungu, ana adabu, ana kiwanja, na kwamba yule mchumba wa kwanza alimwacha siku kumi kabla ya ndoa, naye hakutetereka. Katika kazi yetu hiyo ni sifa. Neno huingia sikio moja likafia humo. Humu kikundini liliingia masikio mia mbili, wakalirusha kwingine. Wanafunzi wake wakalisikia. Wanaume asiowajua wakampigia simu mpaka darasani.

Akaja. Akaniamkia vizuri, akakaa. "Baba mkubwa, hata ungenisifu kwa dhahabu, habari ni zangu. Na sheria ipo, taarifa za mtu hazitangazwi bila idhini yake." Nikamwambia mimi ndiye niliyemposa mama yake kwa ajili yako. Akasema, "Mama ulimsema kwa mtu mmoja. Mimi umenianika sokoni."

Kikundi nimekifuta. Lakini sauti yangu ingali inazunguka huko, ndiyo maana simu nimeizima, na namna ya kuirudisha siijui. Hilo ni kosa langu, nalikiri kwako peke yako; Mhina asilisikie.

Sasa lililonikalisha chini kuandika. Posa ya Hafsa inakuja. Kijana ni Iddy, fundi umeme wa Mombo, wamejuana kupitia huduma ya Mhina, na mshenga ni Mhina. Mhina! Kwa binti wa damu yangu! Siku tatu nimelala nimeelekea ukutani, shemeji yako Mwaija ananicheka.

Sikuambii uikatae, kijana hana kasoro. Ila upande wetu lazima awepo mzee wa kuipokea barua ya posa, na wewe uko mbali. Nataka niwe mimi. Mhina avue viatu mlangoni pangu, akae mkekani, angoje nikohoe kwanza. Lakini Hafsa amesema hilo nalo aulizwe yeye, na mimi kwake mdomo umekuwa mzito. Niombee ruhusa. Neno hilo nimeliandika. Usilisome kwa sauti mbele ya shemeji.

Wasalimie Mashavu, Ramadhan na Sufiani. Mwaija anawasalimu sana. Mola awazidishie afya na kuwaepusha na wenye midomo mirefu, mimi nikiwemo.

Hafsa akikubali, tuma barua kwa basi. Akikataa, usijisumbue kuniandikia. Nitajua nikisikia Mhina amenunua kanzu mpya ya kunitambia.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Hiza.