Kura Moja ya Baba

Jumatatu, Bariadi. Jua kali, vumbi, na hasira niliyoamka nayo.

Baba ameanguka tena. Hii ni mara ya tano anaomba udiwani, na mara zote tano hajavuka kura za maoni za chama. Mtaani wanamwita Mheshimiwa. Anaitika! Anajua wanamcheka na bado anaitika, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwetu Wasukuma, ng'ombe wa mahari wanaoingia kwa binti ndio wanaomwolea kaka au mdogo wake. Nilipoolewa waliingia kumi na wawili, na mdogo wangu Maduhu akaambiwa hao ni wako. Uchaguzi uliopita walikwenda watano. Safari hii wamekwenda wanne, wengine mnadani, mmoja akachinjwa kwa ajili ya wajumbe wa chama hapo hapo nyumbani. Wajumbe walikula, wakafuta midomo, wakasema, "Safari hii ni yako, Mheshimiwa." Sikio la kufa halisikii dawa. Aliwaamini.

Wamebaki watatu. Wakwe wa Maduhu wamekubali kuanza na hao, lakini wamechoka kungoja, na kuna mwanamume mwingine anabisha hodi. Jana baba akatangaza kwamba akipita, hao watatu watauzwa kwa ajili ya kampeni.

Mimi pia ni mjumbe, kama baba mwenyewe, na wajumbe ndio wanaopiga kura.

Sikumpa kura. Naandika tena ili nisijidanganye: sikumpa kura baba yangu mzazi.

Msimamizi aliposoma matokeo, baba alikuwa na moja. Ukumbi ukacheka, na waliocheka kwa sauti kubwa ni wale wale waliomaliza nyama yetu Jumamosi. Niliwachukia kuliko nilivyowahi kumchukia yeye.

Tulirudi pamoja kwa miguu. Tulipopita stendi akaniuliza.

"Mwanangu, wewe ulinipigia?"

"Nilikupigia, baba."

Akatembea hatua kadhaa bila kunitazama.

"Basi ni mimi niliyekosea kuweka alama kwenye karatasi yangu. Macho yangu yamezeeka."

Hakukosea. Anajua hakukosea, na anajua kwamba najua.

Ng'ombe wako salama. Kesho asubuhi Maduhu anawapeleka ukweni, na lazima nipite kwa baba kumsindikiza mdogo wangu. Sijutii kura yangu hata kidogo. Ila huyo mzee nitamwamkia kwa uso gani?