Ukuta Niliokataa Upunguzwe

Ofisi ya Maji, chumba cha nyuma,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo wako umepoa? Sisi hatujambo. Mama ana nguvu tele. Ukimwambia apumzike, anakuuliza kama umemwona ameanguka.

Sasa habari za majitaka ya mtaani kwetu. Ulipoondoka, chemba ilikuwa ikifurika kila mvua inyeshapo, uchafu unaingia mpaka jikoni kwa Mama. Mtambo wa kuyasafisha ulibaki shimo miaka mitatu. Mjenzi alisema mchoro mbovu. Msanifu akasema mjenzi hajui kusoma mchoro. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, lakini hapa hata kunguru hakufurahi. Mama alikuwa anadeki tu.

Mwaka jana niliiambia bodi ya maji: safari hii msanifu na mjenzi waje timu moja, mkataba mmoja, kosa likitokea wasitupiane mpira. Mwenyekiti akaniuliza, "Na wakichora wenyewe na kujenga wenyewe, nani atawakagua?"

"Mimi," nikajibu. Kaka, neno likishatoka halirudi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Tulipochimba mita mbili, maji yakabubujika kutoka chini. Zamani tungeandikiana barua mpaka mwaka upinduke. Safari hii msanifu alikuwa pale pale, buti zimejaa tope. Yeye na msimamizi wa mafundi walibishana asubuhi nzima, na kufikia Ijumaa tulikuwa na mchoro mpya, mtambo umesogezwa juu kidogo, penye ardhi kavu.

Lakini penye asali hapakosi nyuki. Mwezi uliofuata waliniletea mchoro ambao ukuta wa tangi umepunguzwa unene, nondo nazo zimepungua, eti kuokoa gharama. Mchoro wao, kazi yao, nani ampinge mwenzake? Nilikaa na hesabu siku mbili, nikakataa kutia saini.

"Dada, unatuchelewesha," msanifu akasema.

"Heri kuchelewa kuliko kurudia. Nionyesheni kwa hesabu kwamba hautavuja, nasaini sasa hivi."

Hawakunionyesha. Walinuna, mafundi wakanibatiza Bi Futikamba, na wiki nzima hakuna aliyenisalimu getini. Sikufichi, nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini. Mwisho zege lilimwagwa kwa unene ule ule wa awali.

Mwezi uliopita tulijaza tangi maji, tukapiga alama ukutani, tukasubiri siku saba. Hayakupungua ila yale yaliyonywewa na jua. Msanifu akanipa mkono: "Mchoro ujao utauona wewe kwanza." Kisha tukaunganisha mabomba ya mtaa, na mvua ya juzi imepita, jikoni kwa Mama kukavu.

Jumatatu bodi inajadili mtambo wa pili. Wapo wanaosema mkataba mmoja ni hatari, na hawajakosea kabisa. Ila hatari yenyewe ni mkaguzi anayesinzia. Nimeomba kukagua tena, na nataka iandikwe: unene ukiguswa bila saini yangu, kazi isimame. Wakikataa, nitabaki nimesimama mbele yao mpaka wachoke kunitazama.

Mama anakusalimu sana, na baba mdogo fundi cherehani pia. Msalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akutangulie kila uendako, na akurudishe kwetu ukiwa salama.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba