Konseto ya Mkono Uliobaki

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi ya kwanza na okestra nzima. Miaka miwili tangu kiharusi kiuchukue mkono wangu wa kulia, na leo watu sitini wamenyamaza kuusikiliza wa kushoto. Mpwa wangu ameniandikia konseto nzima, muziki wa piano mbele na okestra nyuma, ya mkono huu peke yake, na yeye ndiye anayeongoza. Kwenye ukurasa ambao piano inabaki peke yake, kidole cha pete kikafa ganzi. Sekunde tatu, nne. Nikaruka noti mbili. Hakuna aliyegeuka. Nimerudi nyumbani roho mkononi.

Jumatano, 5 Machi
Ganzi imerudi, nikifunga vifungo vya blauzi. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari hakuzungusha maneno. Hii ni dalili, mama. Kiharusi cha pili kinaweza kuja saa yoyote. Alitaka nilazwe leo leo. Nikamwomba anisubiri mpaka Jumatatu, konseto ni Jumapili. Akasema si yeye wa kuombwa, ni kiharusi. Nimetoka na dawa tu mikononi — mkononi. Bado sijauzoea umoja.
Nilazwe, nikose konseto? Au nipige, kisha nishindwe hata kushika kijiko? Naandika haya kwa mkono huohuo, nachungulia kila herufi kama imepinda.

Jumamosi, 8 Machi
Nilikwenda kumweleza mpwa wangu. Nikiwa mlangoni nikasikia ule ukurasa wangu. Safi, hakuna noti iliyorukwa. Kumbe ni Kinyonga, mwanafunzi wangu wa zamani. Jina hilo nilimbandika mwenyewe kwa mwendo wake wa taratibu kwenye piano. Mkono wa kulia kaukalia. Anajifunza tangu mwezi uliopita!
Mpwa wangu akatazama sakafu. "Shangazi, niliviona vidole vyako kabla hujaviona wewe. Niliogopa kukwambia."
Nikamweleza ya daktari. Akaketi. Kisha: "Basi amua wewe. Mimi siwezi."
Na mimi, nani kamwambia naweza?

Jumapili, 9 Machi, jioni
Chumba cha nyuma ya jukwaa. Mimi na Kinyonga, wote tumevaa nyeusi. Ananigeukia: "Mwalimu, nikiingia mimi watasema nimekunyang'anya. Ukiingia wewe, nitakaa hapa nikisubiri uanguke." Nje okestra inalinganisha sauti. Mkono umetulia leo, una joto, mwepesi kama zamani. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.
Mlango umefunguka. Mpwa wangu. Hakumwita yeyote. Kinyonga kasimama. Na mimi nimesimama —