Nilimshtaki Mtengeneza Gemu kwa Baba Yake

Mpendwa Bi Mastura,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana nakusoma gazetini kila Jumamosi na mkono wako naujua. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, naishi Kashozi, nalima migomba na kahawa kwenye kibanja alichoniachia marehemu mume wangu, na nyumbani nipo na mkwe wangu Annastella, kwa kuwa mwanangu mwenyewe yuko kazini Geita.

Sasa jambo lenyewe utacheka, ni la gemu. Mwaka jana, miezi michache baada ya msiba, mwanangu aliniwekea kwenye simu gemu inaitwa Kibanja, ya kulima migomba, ili nisikae na mawazo, na mimi nikaicheza, Bi Mastura, nikaicheza kila siku mchana nikitoka shambani, yaani natoka kwenye migomba naingia kwenye migomba, kwa sababu aliyeitengeneza ameweka mvua ambayo unaanza kuisikia kwa mbali upande wa ziwani, halafu inapiga mabati ya jikoni kwanza ndipo ije kwenye nyumba kubwa, hivyo hivyo kama ilivyo kwetu, na marehemu alikuwa akiisikia tu anasema "Mama, anua kahawa," basi na mimi nikiisikia kwenye simu najikuta nimenyanyuka. Hayo nakuandikia tu ujue nilivyoingia.

Tatizo ni panga. Kwenye gemu ile ukiona mgomba umepata mnyauko unaukata, unaenda kwenye mwingine na panga lile lile, na kadiri unavyokata haraka ndivyo unavyopewa nyota nyingi, wakati huku kwetu kila mkulima anajua kwamba panga lililogusa mgomba mgonjwa halisogei hatua mpaka lipite kwenye moto, la sivyo unaubeba ugonjwa mwenyewe unaupeleka kwa mzima. Mimi niliona nikacheka, nikasema ni mchezo tu, nikaendelea kukusanya nyota. Halafu nikamwekea Annastella gemu hiyo kwenye simu yake, maana amekulia Mwanza mjini na migomba haijui, nikasema atajifunza. Na kweli akajifunza. Siku moja nimekwenda Bukoba kliniki ya presha, akaona mgomba mmoja umenyauka, akashika panga akaukata, kisha akapunguza majani ya mingine yote mpaka mwisho wa mstari, na niliporudi alinipokea na furaha, "Mama, leo nimekumalizia kazi!" Baada ya wiki kadhaa tuling'oa migomba kumi na minne, pamoja na ule aliopanda mume wangu karibu na dirisha.

Nikaingia kwenye jukwaa lao, lile kundi la wachezaji huko Telegramu, watu mia sita na zaidi, nikaandika kama nilivyofundishwa shuleni kuandika barua, nikasalimia wote, nikauliza kama familia ya fundi aliyeitengeneza gemu haijambo, nikaeleza mvua zilivyochelewa na kahawa ilivyo, na mwishoni nikasema habari ya panga. Mmoja anaitwa Muharami akajibu, "Bibi, hii si ungeipeleka posta?" wakacheka wote. Fundi mwenyewe, aliyejiita Fundi Kibanja, akaandika, "Asante kwa maoni, tutayafanyia kazi." Nikangoja miezi miwili. Wakaongeza jogoo, wakaongeza kofia za mkulima za rangi tatu, panga likabaki lile lile. Ndipo nikaandika, na haya naandika kwa aibu, "Wewe ni muuaji wa migomba, hujawahi kushika panga, na mama aliyekulisha ebitoke alipoteza ndizi zake bure." Hakunijibu.

Sasa jumuiya yetu ya kanisa ikasali kwa Mzee Ishengoma, mwenyekiti wetu, na baada ya sala tukiwa bado tumekaa mzee akaanza kujisifu kwamba mwanawe Mwesiga, yule anayekaa Rwamishenye, ametengeneza gemu na hata Waganda wanaicheza. Nikauliza inaitwaje. Akasema Kibanja. Bi Mastura, nilisimama, nikatoa simu, nikafungua gemu mbele ya watu kama ishirini, nikakata migomba mitano mfululizo huku nyota zinalia, nikasema, "Tata Ishengoma, hivi ndivyo ulivyomfundisha mwanao kukata?" Mzee akaipokea simu, akaangalia, akairudisha, akasema, "Waitu, mama, huyo siye niliyemlea mimi."

Jumamosi yake Mwesiga aliitwa nyumbani, akaja, akaniomba radhi amesimama na kichwa chini, na baba yake akachukua kompyuta yake akaifungia kwenye stoo ya kahawa, akasema haitoki mpaka kijana ajue kulima. Nikaondoka pale nimeshinda. Jioni nikafungua jukwaa nikakuta fundi ameandika, "Samahani wote, kazi ya gemu imesimama. Asanteni kwa kucheza." Tangu siku hiyo watu mia sita wanauliza kuna nini, wengine wanadhani anaumwa, hata yule Muharami anaandika kila siku, "Fundi rudi, kama tumekukosea tuambie," na katika watu wote hao mimi peke yangu ndiye ninayejua, nasoma na kunyamaza. Kijana sasa anapalilia kwa baba yake, akinipita ananipa shikamoo bila kuinua macho.

Nimeamua kitu kimoja, kwamba la panga sitalinyamazia, kosa ni kosa. Lakini sikutaka gemu ife, nilitaka panga lipite kwenye moto, basi. Je, nirudi kwa Ishengoma nimwombe afungue stoo, nionekane mwanamke asiyesimama kwenye neno lake? Au niache yapite? Jina langu usilifiche, mtoto wa watu nilimwaibisha kwa jina lake.

Kokugonza, Kashozi

*

Mama Kokugonza,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa kaa vizuri.

Pole, kwanza. Pole ya marehemu, pole ya migomba kumi na mitatu, na ule wa dirishani nauweka peke yake. Usimruhusu mtu akwambie umelilia mchezo. Gemu hiyo imeufundisha mkono wa mkweo kitu, na mkono ukashika panga la kweli. Kwa hiyo juu ya kosa lenyewe uko sawa, na uendelee kuwa sawa bila kutetereka. Ningekuwa na migomba ningekuunga mkono kwa sauti, lakini mimi uani kwangu nina mchaichai na mpapai mmoja usiozaa.

Ila kuwa sawa hakukupi ruhusa ya kila kitu, mama. Ulimi hauna mfupa, na wako ulikwenda mpaka kwa mama wa kijana. Yeye alikukosea nini? Ndizi alizomlisha mwanawe zinahusiana vipi na nyota za kwenye simu? Hapo hukumwambia fundi gemu yake inafanya nini. Ulimwambia yeye ni mtu gani. Mtu akiambiwa ni muuaji anatafuta pa kujificha, hatafuti kosa arekebishe. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo.

Na barua yako ya kwanza, niliipenda, lakini ulilizika jambo chini ya salamu. Kwenu mgeni hatoi shida yake kabla ya kutafuna akamwani, hilo nalijua, nimekaribishwa sana kwenye nyumba za Wahaya na kahawa hiyo nimeitafuna mpaka meno yamebadilika. Lakini fundi anasoma jumbe za watu mia sita. Akikuta mvua, kahawa na habari za familia, panga hatalifikia, ameshachoka njiani. Adabu ya jukwaani ni kumrahisishia mwenzio akuelewe mara moja. Ungeandika hivi: "Fundi, nimekata mgomba wenye mnyauko, nikahamia mzima na panga lile lile, gemu ikanipa nyota. Shambani hivyo ndivyo ugonjwa unavyosambaa. Naomba uweke moto, panga lipite hapo kila baada ya mgomba, na asiyelipitisha apoteze nyota. Nikihitajika nitakuonyesha." Basi. Hapo Muharami angekosa cha kuchekea.

Nina neno na Mwesiga pia, kwa kuwa najua gazeti hili linafika Kashozi. Mwanangu, "tutayafanyia kazi" ni maneno ya kumfungia mtu dirisha la ofisi. Mama mtu mzima amejikongoja mpaka kwenye jukwaa lako kukupa elimu ya bure, ulishindwa nini kumwuliza, "Mama, mgomba upi?" Ungeuliza swali hilo moja, tusingefika hapa. Jogoo na kofia vingengoja.

Nawe Mzee Ishengoma, shikamoo. Hasira hasara. Kijana hafundishwi kulima kwa kunyang'anywa jembe lake, na jembe lake ndilo hilo ulilolifungia na magunia.

Narudi kwako, Mama Kokugonza, kuna kitu umekiandika haraka haraka ukidhani sitakiona. Wewe uliliona kosa la panga mapema, ukacheka, ukaendelea kukusanya nyota. Kisha ukamwekea Annastella gemu ile ile bila kumwambia kitu. Hasira yote uliyommwagia Mwesiga, nusu yake ilikuwa yako mwenyewe, ukatafuta mtu wa kuibeba. Je, Annastella umemwambia kwamba si kosa lake? Kama bado, liache gazeti hapo, nenda kamwambie, halafu urudi usome yaliyobaki.

Umerudi? Haya.

Umeniuliza kama utaonekana mwanamke asiyesimama kwenye neno lake. Neno lako lilikuwa panga lipite kwenye moto. Je, limepita? Halijapita. Fundi yuko shambani anapalilia, kompyuta iko stoo, na kila mtu aliye na gemu ile kwenye simu yake leo hii bado anakata na panga lile lile na nyota zinalia. Kwa hiyo hujashinda kitu, mama. Kusimama kwenye neno lako ni kuhakikisha kosa limerekebishwa, na anayeweza kulirekebisha ni mmoja tu, naye mmemfungia zana zake wewe na mwenyekiti wako. Waswahili tunasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini kompyuta iliyo kwenye stoo ya kahawa inatoka kwa ufunguo. Kautafute ufunguo.

Usiende kunong'ona jikoni na mke wa Ishengoma. Ulimshtaki kijana mbele ya jumuiya, utamwombea mbele ya jumuiya hiyo hiyo, siku ile ile ya sala, watu wakiwa bado wamekaa. Tafuna kwanza akamwani, hapo ndipo mahali pake. Kisha sema kosa la panga bado ni kosa, sema matusi yalikuwa yako, na umwombe radhi mama wa Mwesiga kwa jina lake. Mzee akisita, mwambie hili: kijana anahitaji kujifunza kukata, na wewe utamfundisha mwenyewe, kwenye kibanja kilichougua. Asubuhi moja inatosha. Awepo Annastella, uwepo moto, liwepo panga, na Mwesiga aje na simu yake apige picha anavyotaka. Ashike panga kwa mkono wake, alipitishe motoni kwa mkono wake. Akishaitengeneza gemu upya, kabla haijatoka kwenda kwa hao Waganda, aijaribu Mzee Ishengoma, kosa lolote alione yeye wa kwanza. Atakuwa mkali, na ukali huo utafaa, kwa sababu sasa utakuwa unasema habari ya migomba na hausemi habari ya mwanawe.

Siku hiyo hiyo ya sala, ukirudi nyumbani, ingia kwenye jukwaa na uandike kwamba gemu ilisimama kwa sababu yako. Mistari mitatu inatosha. Watakusema. Vumilia siku mbili, watahamia kwa mwingine.

Lakini yote hayo yaje baadaye. Nimehesabu, Mama Kokugonza. Kijana huyu umempelekea maneno mara tatu: barua, tusi, na mashtaka. Katika yote matatu hakuna mahali umemwambia kwamba kuna mtu Kashozi, mjane, ambaye kila mchana anaisikia mvua yake ikipiga mabati ya jikoni kwanza, ananyanyuka kuanua kahawa. Umeniambia mimi, ambaye simu yangu najua kupiga na kupokea tu. Aliyeitengeneza mvua hiyo hajui. Anadhani ametengeneza kitu kibaya kitupu, na anapalilia akiamini hivyo.

Ukisimama mbele ya jumuiya, anza na mvua. Mwambie ilivyokufaa mwaka ule, mwambie na maneno ya marehemu, na uyaseme kwa sauti ya kumfikia baba yake.