Simu ya Kuazima

Kitindamimba wangu,

Huku hatujambo. Njiwa wangu wa mazingaombwe ametaga ndani ya kofia, basi kofia siivai tena. Mume wangu anakusalimu. Najua hupendi nimtaje.

Jumamosi nilitumbuiza harusini. Niliazima simu ya bwana mmoja, niipoteze kwenye leso, kisha ilie ndani ya mkate. Kabla ya kuipoteza huwa napiga namba yoyote, watu waone kuwa ni nzima. Vidole vikapiga yako.

Wewe, ambaye tangu niolewe tena hupokei simu zangu, hiyo ukaipokea. "Haloo? Nani mwenzangu?" Kumbe sauti imekuwa nzito kama ya marehemu baba yako! Watu wakapiga makofi, wakidhani kimya changu ni sehemu ya mchezo.

Nilipomrudishia yule bwana simu yake, imejaa makombo, akaniuliza, "Mama, kwani ulimpigia nani?" Nikamweleza. Akasema nikitaka kuiazima tena nisione haya.

Nilimshukuru. Ila mwanangu, natamani nikupigie kwa yangu.

Na jibu la lile swali lako la Jumamosi ni hili:

Ni mimi, mama yako.